Siku Madhara Yalipojitokeza kwa Bi Sikudhani

Jumapili mchana, wali ukiwa bado umefunikwa jikoni, Bi Sikudhani aliota ndoto ambayo mpaka leo mumewe anaiita usingizi wa njaa.

Kabla ya ndoto yenyewe, ni vizuri mambo yaeleweke. Bi Sikudhani ni mke wa Mzee Shemboza wa Korogwe, na katika ukoo wa mumewe yeye ndiye mpishi. Hakuna kikao kilichomteua. Alipika pilau kwenye harusi moja, punde tu baada ya yeye mwenyewe kuolewa, watu wakajilamba vidole, basi tangu siku hiyo kila anayeoa, anayeolewa, anayetahiriwa au anayefariki katika ukoo ule sharti apitie mikononi mwake.

Mwaka jana, kwenye arobaini ya mjomba wa mumewe, alitapika damu pembeni ya sufuria. Watu walimkimbiza hospitali bila kuchelewa, baada ya kuhakikisha kwamba pilau limeshapaliwa makaa. Daktari, mwanamama mmoja mpole, akamwambia ana kidonda tumboni na kwamba kilibakisha kidogo tu kimuue. Akamwandikia vidonge vya kumeza nusu saa kabla ya kula. Vidonge vikafanya kazi. Damu ilikoma, kiungulia kikatulia, akaanza kulala usiku kucha.

Ila aliamka amechoka. Alikaa amechoka, akasimama amechoka, na mgongo, magoti na mabega vikawa vinamuuma kama mtu aliyebebeshwa magunia. Hakusema kitu. Lakini mtu akisinzia huku ameshika mwiko, walio karibu huona.

Mzee Shemboza aliona. Akavaa miwani, akakunjua kile kikaratasi kinachokaa ndani ya boksi la dawa, akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "Madhara yanayoweza kujitokeza. Uchovu. Maumivu ya mwili." Akavua miwani, akamgeukia mkewe. "Umeona, Mama Mwasiti? Imeandikwa."

Tangu hapo nyumba ikapata amani. Zamani, mke akisinzia na mwiko mkononi, mume mwenye haya angelazimika walau kuchota maji. Sasa ilitosha kusema, "Ni dawa hiyo."

Jumapili hiyo, kabla ya chakula cha mchana, akaja wifi yake Mwanamvua, dada wa Mzee Shemboza. Binti wa wifi huyo, Saumu, alikuwa anaolewa Jumamosi. Mwanamvua hakutaka hata kukaa.

"Wifi, kaka kanieleza. Kumbe hizo dawa ndizo zinazokumaliza. Basi ziache wiki hii, upate nguvu. Shughuli ikipita, utaendelea nazo."

"Haya, wifi," Sikudhani alijibu. "Hamna neno."

Wifi akaondoka. Sikudhani akakitazama kidonge kilichokuwa kiganjani mwake, akakimeza, akajiambia kwamba hicho ndicho cha mwisho. Kisha akajinyoosha kwenye kochi asubiri nusu saa ya daktari ipite ndipo ale.

Akasikia hodi.

Anafungua mlango. Wamesimama wawili. Wa kwanza ni mwanamume mnene aliyevaa suti, na kichwani amebeba godoro. Wa pili ni mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye nyundo kwapani.

"Sisi ni madhara," anasema mwanamume. "Tumejitokeza."

Sikudhani analitazama lile godoro. "Mimi niliambiwa mnaweza kujitokeza. Sikuambiwa mtajitokeza."

"Tunaweza, na tumeweza," anasema mgeni kwa unyenyekevu. "Mimi naitwa Uchovu. Mwenzangu ni Maumivu ya Mwili. Ni mtu mzuri, ukimzoea."

"Shikamoo," anaamkia Maumivu ya Mwili.

"Marahaba. Karibuni ndani. Mtakula?"

"Ahsante sana," anasema Uchovu. "Sisi ni kabla ya kula."

Wanakaa mezani. Sikudhani anawauliza habari za safari, wanasema ni nzuri ila boksi lilikuwa dogo. Hapo meza inakohoa.

"Samahani kuwaingilia," meza inasema. "Mimi nina shida yangu ya muda mrefu. Baba mwenye nyumba kila siku anasimama hapa, anasema, 'Meza, Mama Mwasiti. Meza.' Mimi naitika. Lakini haniambii nifanye nini."

"Hakuiti wewe," Sikudhani anaieleza. "Ananiambia nimeze dawa."

"Nilikuwa nahisi hivyo," inasema meza. "Lakini ukiitwa jina lako na mtu mzima, utaacha kuitika?"

Sikudhani anakubali kwamba ni vigumu.

Maumivu ya Mwili anasimama, anainyoosha nyundo yake. "Mama, mimi naomba unioneshe viungo, nianze kazi. Nimeagizwa nianzie kwenye viungo."

Mgeni akiomba, huwezi kumkatalia. Sikudhani anampeleka jikoni, anamwonesha rafu ya makopo. Kabla hajafunua kopo lolote, vilio vinaanza. Mdalasini umelala chali umeshika kiuno. Karafuu, kila moja imeinamisha kichwa chake, zinasema zinaona nuru mbilimbili. Hiliki zimejikunja, hazitaki kuguswa. Pilipili manga hazisemi lolote, zinabingirika tu upande huu na upande ule, kama mtu anayetafuta mlalo na haupati.

Maumivu ya Mwili anatazama nyundo yake, anatazama rafu. "Mimi sijagonga hata mara moja," anasema. "Hivi vinaumwa na nini?"

"Hivyo ni viungo vya pilau," anasema Sikudhani.

"Niliambiwa viungo. Sikuambiwa vya nini."

"Tunatwangwa," unajibu mdalasini kutoka kwenye kopo lake. "Harusi, tunatwangwa. Khitma, tunatwangwa. Kina Shemboza wakikosa sababu, wanatafuta mtoto wa kumtoa nje, tunatwangwa. Dada mwenye nyundo, kama ulikuja kutuumiza, umechelewa."

Maumivu ya Mwili anaona aibu. Anamgeukia Sikudhani. "Vya kwako basi viko wapi?"

Sikudhani anapandisha kanga kidogo, anamwonesha magoti. Mgeni anapiga goti, anagonga kidogo kwa kidole kama anayepiga hodi, anatega sikio.

"Kuna mtu," anasema.

Anapanda mgongoni, anagonga. "Na huku kuna mtu." Anajaribu bega la kulia, lile la kugeuzia wali. Anatega sikio kwa muda mrefu zaidi. "Huku wamebanana."

Kabla Sikudhani hajauliza ni kina nani hao, Uchovu anaita kutoka chumbani. Anaita kwa sauti ya mtu aliyekosewa. Wanamkuta amesimama mlangoni, godoro bado lipo kichwani. Kitandani amekaa bibi kizee aliyevaa aproni ya Sikudhani, miguu kaitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi.

"Nimekuja kutandika," anasema Uchovu, "namkuta huyu. Namuuliza jina, ananiambia anaitwa Uchovu."

"Ndilo jina langu," anasema bibi kizee.

"Uchovu ni mimi."

"Wewe umekuja na boksi," anasema bibi kizee, bila ukali. "Mimi nimekuja na harusi. Nipo humu tangu huyu mwanamke ana kiuno cha nyigu. Liulize godoro ulilobeba kama linazo nguvu za kukaa hapa na mimi."

Uchovu analishusha godoro polepole, kama mtu aliyeahidiwa kazi mjini akafika akakuta kiti kina koti la mwenzake. Sikudhani anamwonea huruma. Anataka kumwambia akae hata sebuleni, lakini sebule haipo tena.

Chumba kimekuwa ukumbi. Kuta ni za waridi, zina unyevunyevu, zinapumua. Kuna viti vya plastiki vilivyopangwa safu, kama kwenye mkutano wa mtaa, na hakuna mtu anayeshangaa. Sikudhani anatambua kwamba yumo tumboni mwake mwenyewe. Tumbo ndilo mwenyekiti, na ndilo ukumbi pia, kwa hiyo likisema, sauti inatoka pande zote.

"Shauri ni moja," linasema Tumbo. "Mama huyu amechoka na mwili unamuuma. Tunataka kujua ni nani anayehusika. Ikionekana ni dawa, dawa inafukuzwa leo hii, na Mzee Kidonda anarudi kwenye nafasi yake."

Kwenye kona, mzee mmoja mdogo anainuka nusu, anainamisha kichwa kusalimia wote. Amevaa shati safi, nywele kazichana kwa maji, na mapajani ameshika begi lililofungwa tayari.

"Mimi sina haraka," anasema Kidonda, anatabasamu. "Mpaka Jumamosi tu."

Shahidi wa kwanza ni Mzee Shemboza. Anaingia anasoma kile kikaratasi, ambacho sasa kina urefu wa mkeka na kinaburuzika nyuma yake.

"Imeandikwa," anasema.

"Uliona?" linauliza Tumbo.

"Nilisoma."

"Sijakuuliza kusoma. Mkeo, ukimtazama, unaona nini?"

Mzee Shemboza anafikiri kwa uaminifu. "Sijamtazama," anasema. "Miwani yangu ni ya kusomea."

Shahidi wa pili ni Mwanamvua. Anaingia anavuta sufuria kubwa yenye mlango na madirisha. Ndani ya sufuria wamekaa wageni, wamevaa vizuri, kila mmoja ameshika sahani yake, wanachungulia nje kwa heshima.

"Mimi wifi yangu nampenda," anasema Mwanamvua. "Hakuna anayempenda kama mimi. Nataka aache hizo dawa apate nguvu."

"Nguvu za nini?"

"Za kupika."

Wageni ndani ya sufuria wanaitikia kwa vichwa. Wanaona ni jibu la maana.

Uchovu wa boksi anaomba nafasi. Anafunga vifungo vya koti. "Mwenyekiti, mimi sisemi kwamba ni malaika. Kuchosha watu ndiyo kazi niliyoandikiwa, na wako niliowachosha kweli. Hata huyu mama, huenda nimemgusa kidogo nilipokuwa napita. Lakini nilichokikuta humu ndani si changu. Mimi godoro langu halijakunjuliwa. Sasa kila mtu ananinyooshea kidole, na yule bibi mwenye beseni hakuna anayemtazama."

Ni kweli. Bibi kizee ameketi safu ya nyuma kabisa, na watu wanapita mbele yake kama wanapita mbele ya ukuta.

"Mwenye mwili aseme," linaagiza Tumbo.

Sikudhani anasimama. Anajua anachotaka kusema. Anafungua kinywa, kinachotoka ni: "Hamna neno."

Anajaribu tena. "Mimi sijambo kabisa."

Anameza mate, anajaribu kwa nguvu zaidi, na sauti yake inatoka tamu, ya ukarimu: "Msijali. Mtoto wa wifi ni mtoto wangu."

Ukumbi unapumua. Mwanamvua anafungua mlango wa sufuria na kuanza kuwaambia wageni wakae vizuri. Mzee Kidonda anasimama, anatundika begi begani, anakuja. Anatembea taratibu, anaomba radhi kwa kila kiti anachokipita. Akifika kwa Sikudhani anasema, "Samahani mama, nipishe kidogo. Mahali pangu ni hapo uliposimama."

Ndipo Sikudhani anahisi moto. Unaanzia chini ya kifua, palepale, na ladha ya chuma inampanda mdomoni. Anakumbuka ile damu uani mwa watu, ilivyokuwa nyeusi kuliko alivyodhania damu ya mtu itakuwa. Anakumbuka mtu alivyokuja na jivu kwenye koleo, akaifukia, na upishi ukaendelea. Hakuogopa siku ile, hakupata muda wa kuogopa. Anaogopa sasa, amesimama tumboni mwake, na mzee mwenye shati safi anamsubiri apishe.

Mtu anamvuta kanga kwa nyuma. Ni yule bibi kizee, miguu inamchuruzika maji ya chumvi.

"Niite," anasema bibi kizee. "Nimekula kwako miaka yote hii na hujawahi kunitaja jina mbele za watu. Niite leo tu."

"Nimechoka," anasema Sikudhani.

Limetoka dogo, kama neno la mtoto. Lakini kuta zinaacha kupumua.

"Nimechoka," anarudia, na mara hii analisikia mwenyewe. "Nilichoka kabla ya dawa. Dawa ilinikuta nimechoka. Na sitaki huyu mzee arudi."

Mzee Kidonda anageuka, anaomba radhi tena kwa viti vyote, anatoka na begi lake. Hakuna anayemsindikiza.

"Dawa inabaki," linasema Tumbo. "Uchovu wa boksi na mwenzake wasifukuzwe wala wasikaribishwe. Wakae kwenye benchi pale nje mpaka daktari awatazame, maana yawezekana na wao wana fungu lao, na mimi si mtaalamu, ni tumbo tu. Sasa limebaki moja. Wifi apewe vidonge vyake."

Sikudhani anajua kwamba kumpa mtu vidonge vyake ni kumwambia ukweli usoni. Anajifunga kanga kiunoni, anatafuta maneno. Lakini Maumivu ya Mwili anamletea sinia, na juu ya sinia kuna vidonge vyeupe, vikubwa.

"Ni vyake," anasema Maumivu. "Wewe mpe tu. Vinajieleza vyenyewe."

Sikudhani anainua cha kwanza. Kinasema kwa sauti yake Sikudhani, bila hasira yoyote: "Wifi, nilipotapika damu, uliuliza nani atageuza wali."

Mwanamvua anakipokea, anakitazama. "Kikubwa," anasema.

"Ni hivyohivyo."

"Maji je?"

Kila mtu anamgeukia Mzee Shemboza. "Maji hayajachotwa," anasema, na kwa mara ya kwanza tangu afike ukumbini anaonekana kuona haya.

Mwanamvua anameza bila maji. Cha pili kinasema: "Kwenye shughuli zenu mimi sijawahi kukaa nikala. Huwa nakwangua ukoko nikiwa nimesimama." Anameza. Cha tatu kinasema: "Wifi, vitunguu vya harusi ya Zamoyoni nilivimenya peke yangu, vyote, nyinyi mkipakana hina chumba cha pili. Nilikuwa nawasikia mnavyocheka." Mwanamvua anakitia mdomoni. Anameza mara moja, anameza mara mbili, anashika shingo. Hakiendi. Anamtazama Sikudhani kwa macho ya mtu aliyefikia mahali ambapo hakutegemea, na kutoka kwenye sufuria mgeni mmoja anauliza kwa adabu kama chakula kitachelewa.

"Mama Mwasiti. Mama Mwasiti, nusu saa imepita. Amka ule."

Mzee Shemboza alikuwa amesimama juu yake. Kochi lilikuwa kochi, meza ilikuwa kimya. Sikudhani alijishika chini ya kifua. Hapakuwa na moto. Mgongo ulikuwa unauma vilevile.

Simu ikaita. Alikuwa Mwanamvua, na sauti yake ilikuwa imekwaruza.

"Wifi, nilitaka kukupigia habari ya mchele. Lakini hata sijui. Nimejilaza kidogo hapa, nimeamka na kitu kimenikwama kooni. Kama mtu aliyemeza kitu bila maji."

Sikudhani akaketi wima. "Kinauma?"

"Hakiumi. Kimekaa tu. Halafu nimeamka nawaza vitunguu, wifi, sijui kwa nini. Hivi harusi ya Zamoyoni, vitunguu alimenya nani?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Mimi, wifi."

Sikudhani akamtazama mumewe. Mzee Shemboza alikuwa amevua miwani ameishika mkononi, anamtazama.

"Wifi," akasema Sikudhani, "nimechoka. Jumamosi sitapika. Tafuta wapishi mapema, mimi nitakuja nikae na wageni nile. Dawa siachi. Kesho nakwenda kwa daktari nikamweleze huu uchovu na haya maumivu, anipime ajue vinatoka wapi."

Alitegemea maneno marefu. Badala yake alisikia Mwanamvua akimeza mate, kwa shida, mara mbili.

"Hakishuki," alisema Mwanamvua.

"Kunywa maji, wifi, na usilale tena sasa hivi," akamwambia Sikudhani. "Kitashuka taratibu."